Oili Ivujayo Katika Gari Kuukuu, na Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Katika nchi yetu ya Ruanda, tangu njia iachanapo na barabara kuu pale Kitai mpaka ishukapo Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, gari si pambo la mwenye mali. Gari ndilo lichukualo magunia ya kahawa mpaka ghala la ushirika, ndilo lirudilo na mbolea na mabati, na usiku wa manane ndilo lifuatwalo mtu akizidiwa na ugonjwa, ili afikishwe hospitali ya Mbinga. Na mengi ya magari haya ni makuukuu. Yako ya Land Rover, ambayo yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, na ya namna ile ya zamani yakaachwa kutengenezwa mwaka 2016; na yako ya Toyota, yaliyozunguka nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Gari la namna hii likitunzwa hufanya kazi miaka mingi. Lakini lina ugonjwa mmoja ambao kila mwenye nalo anaujua, nao ni kuvuja oili.

Madereva wana mzaha wao juu ya jambo hili. Husema kwamba Land Rover isiyovuja oili ni ile isiyo na oili ndani. Mzaha huu huchekesha, lakini umewaponza wengi, maana mtu akiisha kuamini kwamba kuvuja ni tabia ya gari, haangalii tena. Siku moja oili hupungua kupita kiasi, beringi zikaungua, na injini ikafa njiani. Wengine huogopa mno, wakatoa fedha nyingi kutengeneza kitu kisichokuwa kibovu. Basi leo na tujifunze njia iliyo katikati ya hayo mawili.

Habari ya gari moja

Msimu mmoja wa kahawa tulimwona mwenye gari mmoja aliyekuwa na Land Rover ya miaka mingi. Oili ilidondoka chini, nyuma ya injini, pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi aliinama, akatazama tone, akasema, "Sili ya nyuma imekufa." Giaboksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, na gari likakaa siku nyingi juu ya magogo. Sehemu kubwa ya fedha ya kahawa ya mwaka ule ilikwisha katika kazi hiyo. Katika siku hizo mtoto wa jirani alishikwa na homa kali usiku, akachukuliwa kwa pikipiki katika baridi ya milimani, amefungwa mgongoni mwa mamaye. Alifika salama, lakini wazazi wake hawakuusahau usiku ule.

Gari lilipofungwa, likapanda mlima wa kwanza, matone yakaanguka tena mahali palepale. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa dereva zamani alipopitisha kidole nyuma ya kifuniko cha tapeti, juu kabisa ya injini. Kidole kilirudi kimelowa. Gasketi ya kifuniko ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama gome la mti. Oili ilitoka huko juu, ikateremka mgongoni mwa injini pasipoonekana, ikadondoka chini kana kwamba ni ya sili. Gasketi mpya ilifungwa kwa muda usiofika saa 2, na bei yake ilikuwa ndogo sana kuliko ule ujira wa kwanza.

Fundi yule hakuwa mvivu, na kazi ya mikono yake ilikuwa safi. Kosa lake ni kwamba alihukumu kwa mahali tone lilipoanguka. Mtu akisimama karibu na Lituhi akautazama Mto Ruhuhu unavyoingia ziwani, hatasema kwamba maji yale yamezaliwa pale. Anajua kwamba yametoka mbali katika nchi ya juu. Oili nayo ni vivyo hivyo. Mahali iangukapo sipo itokapo. Neno hili ndilo shina la somo letu.

Kwa nini injini huvuja

Ndani ya injini oili hukaa katika sampu, yaani bakuli la chuma lililofungwa chini. Pampu huivuta, ikaisukuma katika chujio, kisha katika matundu membamba mpaka kwenye beringi za krenki, na juu mpaka kwenye tapeti. Ikiisha kulainisha huteremka yenyewe kurudi sampuni. Mahali ambapo vipande viwili vya chuma vimekutana pametiwa gasketi. Na mahali ambapo mhimili unaozunguka hutokeza nje pametiwa sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoukumbatia mhimili.

Basi oili hupata njia kwa sababu tatu kubwa. Kwanza, gasketi na sili hukauka kwa moto na kwa miaka. Gasketi nyingi za zamani zimefanywa kwa gome jepesi kama la vizibo vya chupa, nalo hunywea na kupasuka. Pili, mtikiso wa njia mbaya hulegeza nati na boliti. Tatu, hewa ikijaa ndani ya injini bila kupata pa kutokea, huisukuma oili nje penye udhaifu wowote. Sababu hii ya tatu husahauliwa mara nyingi, nasi tutairudia.

Kupima kabla ya kufungua

Kwanza simamisha gari mahali tambarare. Katika milima ya Umatengo mahali kama hapo hutafutwa, lakini hapana budi kupatafuta, maana gari likiinama kipimo husema uwongo. Zima injini, ungoje dakika 10 ili oili ishuke. Vuta kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe mpaka mwisho, kisha ukivute tena na kusoma. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa injini nyingi, toka alama ya chini mpaka ya juu ni karibu lita 1. Wala usijaze kupita alama ya juu, kwa kuwa oili iliyozidi nayo hutafuta njia ya kutoka.

Pili, weka daftari dogo ndani ya gari. Andika tarehe, kilometa, na kiasi cha oili uliyoongeza. Toka Mbinga mpaka Songea na kurudi ni karibu kilometa 200. Injini ya Land Rover ya zamani ya petroli yenye silinda 4 huchukua karibu lita 6. Ikiwa gari lapoteza lita 1 kwa safari moja ya namna hiyo, safari tatu bila kutazama zitakuwa zimemaliza nusu ya oili yote. Mwenye daftari ataliona jambo hili mapema. Asiye nalo ataambiwa na injini yenyewe kwa kishindo.

Tatu, ujue ni kitu gani kinachodondoka. Tandaza boksi jeupe au karatasi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi utazame na kunusa. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Oili ya giaboksi ni nzito, ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Maji ya rejeta hayana utelezi wa oili. Mafuta ya breki ni mepesi kama maji na huteleza sana kidoleni. Ukiyaona hayo, gari lisiondoke kabisa mpaka breki zitengenezwe. Tena kumbuka kwamba oili yaweza kupungua bila kuvuja. Moshi wa buluu ukitoka katika ekzosi, oili inaungua ndani, na kazi ya gasketi haitausaidia ugonjwa huo.

Kuosha injini na kutumia unga

Injini iliyojaa masizi na vumbi haiwezi kuchunguzwa, kwa sababu kila mahali pamelowa. Kwa hiyo ioshe. Ngoja ipoe. Funika kwa mifuko ya plastiki altaneta, sehemu za umeme wa plagi, na mdomo wa kuvutia hewa. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni na maji. Usitumie petroli, maana mvuke wake hushika moto upesi. Wala pasiwe na moto wala sigara karibu. Osha mbali na kisima na kijito.

Injini ikikauka, ondoa mifuko yote, kisha chukua unga mkavu, wa muhogo au poda ya mwilini, uupake kwa wepesi kwenye maungio unayoyashuku. Usiutie karibu na mdomo wa hewa wala kwenye mkanda wa feni. Washa injini kwa dakika 15, kisha uendeshe mwendo mfupi wenye kupanda mlima. Feni itapeperusha unga kidogo, lakini ule ulioshika utatosha. Zima injini kwanza, ndipo uingize mkono. Tumia tochi na kioo kidogo cha kunyolea ili uone nyuma ya injini. Mahali pa kuvuja patakuwa na mstari mweusi katika weupe.

Tafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pengine, na mbele kuliko pengine. Uzito huvuta oili chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo chanzo huwa juu ya matone na mbele yake, mara chache sana huwa chini au nyuma. Tena gari likipanda mlima, oili hukusanyika upande wa nyuma wa injini. Ndiyo sababu gari jingine halidondoshi hata tone likiwa tambarare, lakini likipanda toka Mbamba Bay kwenda Mbinga hulowa nyuma kote.

Mahali pa kutazama kwa utaratibu

Anza juu. Tazama kifuniko cha tapeti pande zote, hasa nyuma pasipoonekana. Kisha ushuke ubavuni: tazama chujio, swichi ya taa ya oili, na vifuniko vya pembeni. Chujio lililofungwa juu ya mpira wa lile la zamani uliobaki umenata huvuja kwa nguvu, na laweza kumaliza oili kwa muda mfupi. Kisha uende mbele, nyuma ya puli ya krenki. Sili ya hapo ikichoka, oili hurushwa kwa mzunguko, nawe utaona mstari wa uchafu umezunguka vitu vyote vilivyo karibu na puli. Kisha ushuke chini kwenye sampu na nati ya kumwagia oili.

Mwisho kabisa ndipo utazame nyuma, kwenye nyumba ya flaiwili. Land Rover za zamani zina tundu dogo chini ya nyumba hiyo, lenye kizibo chake. Kizibo hutiwa gari likitaka kuvuka mto wenye kina, na baadaye hutolewa ili matone yapate kutoka. Kikisahauliwa humo, oili hujaa ndani na kulowesha klachi, na gari hushindwa kupanda. Likitoka tone katika tundu hilo, linuse. Likiwa ni oili ya injini, yawezekana sili ya nyuma imechoka. Likiwa ni oili nzito ya giaboksi, sili ya giaboksi ndiyo mbaya. Lakini usishushe giaboksi kabla hujathibitisha kwamba juu kote ni pakavu.

Pumzi ya injini

Pistoni zikifanya kazi, hewa kidogo ya moto hupenya kando ya ringi, ikaingia chini ya injini. Hewa hiyo imewekewa bomba la kutokea. Katika injini nyingi za zamani kifuniko cha kutilia oili chenyewe kina wavu wa waya ambao injini hupumua kwao. Vumbi na masizi yakiuziba, hewa haina njia, nayo huisukuma oili kupita katika gasketi na sili, hata zikiwa mpya. Mtu aweza kubadili sili mara tatu, na zote zikavuja, kwa sababu ya wavu mmoja uliozibwa.

Kwa hiyo osha wavu na bomba kwa mafuta ya taa, ukaushe, urudishe, kisha upime tena kabla ya kununua kitu chochote. Halafu, injini ikiwa yazunguka polepole, fungua kifuniko cha kutilia oili ukitazame kitundu. Moshi mwembamba si ajabu katika injini nzee. Moshi ukitoka kwa nguvu kama wa chungu kinachochemka, ringi zimekwisha, na hapana gasketi itakayodumu mpaka injini yenyewe itengenezwe. Ni afadhali kuujua ukweli huo kabla fedha haijatoka.

Namna ya kutengeneza

Boliti zilizolegea zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, toka katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ya kiasi. Nguvu nyingi huiponda gasketi na kukunja bati la kifuniko, na uvujaji huzidi.

Kifuniko cha tapeti kikifunguliwa, futa gasketi yote ya zamani, na usiache vipande viangukie ndani. Weka kifuniko juu ya ubao ulionyooka. Kikiwa kimepinda, kinyooshe kwa nyundo ndogo. Gasketi mpya igandishwe upande wa kifuniko kwa gundi kidogo, ili isihame wakati wa kufunga.

Gasketi ya karatasi isipopatikana dukani yaweza kukatwa kijijini. Nunua karatasi ya gasketi, uilaze juu ya kipande kilichofunguliwa na kusafishwa, ugongegonge ukingoni kwa wepesi kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mpaka ukingo ujikate wenyewe. Chuma laini cha alumini kisigongwe hivyo. Chora alama kwa kalamu, ukate kwa mkasi.

Pete ya shaba ya nati ya kumwagia oili huwa ngumu kwa kukazwa mara nyingi. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha uiache ipoe. Shaba itakuwa laini tena, nayo itaziba.

Sili ya krenki itiwe oili mdomoni kabla ya kuingizwa, na mdomo wake uelekee upande wa oili. Mhimili ukiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ingiza mpya ndani kidogo zaidi au nje kidogo, nafasi ikiruhusu, ili mdomo ukutane na chuma kizima.

Mambo ya kukataza

Usikate gasketi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli wala ya gari. Mpira huo huvimba ukikutana na oili, ukawa laini na kutoka. Usipake gundi ya silikoni kwa wingi, maana iliyozidi huingia ndani, hukatika, na kuziba wavu wa pampu. Ndipo injini hufa kwa kiu ilhali oili imejaa. Usitie oili nzito kuliko iliyoagizwa katika kitabu cha gari kwa kutumaini kwamba itaziba.

Tena, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo imara ya mti mgumu, uzuie magurudumu kwa mawe, ulitikise gari kabla ya kuingia. Tofali halifai kubeba gari. Hupasuka bila kuonya. Gari laweza kununuliwa jingine, bali mtu hanunuliwi.

Ukiwa safarini na taa nyekundu ya oili ikawaka, zima injini papo hapo mahali palipo salama. Usiseme, "Nitafika kijiji kile." Beringi zisizo na oili hazingoji kijiji. Na oili ikidondokea ekzosi yenye moto, ukanusa moshi, simama uitazame, maana gari laweza kuungua.

Oili chafu iliyomwagwa isitupwe chini. Ina chembe za chuma na sumu, na mvua ya nchi yetu huikokota mpaka mabondeni, na mabonde yetu mengi huishia ziwani, ambako watu hunywa maji na kuvua usipa. Iweke katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto.

Kwa walimu na wazee wa vijiji

Somo hili laweza kufundishwa mbele ya gari lolote la kijiji. Wanafunzi na wakumbuke maneno manne kwa taratibu yake: pima, osha, tafuta juu, kisha tengeneza kilicho rahisi kwanza. Na kijiji chenye gari moja tu la kuchukua wagonjwa na kiweke desturi kwamba kijiti cha oili kivutwe kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa. Ni kazi ya dakika 2.

Yule mwenye gari tuliyemtaja sasa ana daftari lake, limefungwa kwa uzi chini ya kiti. Gari lake bado hutoa tone moja moja mahali pa sampu, naye analijua tone hilo, ameliandika, na kuliachia mpaka msimu utakapokwisha. Wala halimsumbui, kwa kuwa amelipima. Na usiku likiitwa, gari liko tayari.